Ndugu Yako Muandike kwenye Fomu

Wiki mbili zilizopita kijana wa kwetu Pwani anayeishi Norfolk, Virginia, aliniandikia: "Kaka, nataka kuingia Northrop Grumman nikajenge manowari za kubeba ndege. Nianzie wapi?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitatu. Lakini ujumbe wake ulinikuta siku ileile niliyopata kibali changu cha usalama, ile ruhusa ya serikali ya Marekani ya kufanya kazi zenye siri za jeshi, kibali nilichokililia miaka, na jibu likawa refu.

Kwanza, mdogo wangu, ujue mlango unaobisha ni wa nani. Northrop Grumman leo ni watu wa ndege. Northrop na Grumman ziliungana 1994. Wao ndio wenye B-2, ile ndege ya mabomu isiyo na mkia. Wao ndio wenye E-2 Hawkeye, inayobeba sahani kubwa ya rada mgongoni. Na B-21 ni yao pia, iliyoonyeshwa Palmdale, California, Desemba 2022 na kuruka mara ya kwanza Novemba 2023. Meli walikuwa nazo kweli. Mwaka 2001 walikinunua kiwanda cha meli cha Newport News, hapo ng'ambo ya maji kutoka kwako. Mwaka 2011 wakaitenga kazi yote ya meli, ikawa kampuni nyingine kabisa, Huntington Ingalls. Ni kiwanda hicho cha Newport News peke yake Marekani nzima kinachojenga manowari za kubeba ndege. USS Gerald R. Ford, ya tani zipatazo laki moja na vinu viwili vya nyuklia, ilitoka hapo ikapokewa rasmi jeshini Julai 2017. Mtu akienda kwenye usaili hajui haya, ataonekana hakujiandaa.

Sasa yangu. Niliingia Marekani 2014 kwa grini kadi ya bahati nasibu. Mombasa nilikuwa fundi wa kuchomelea, kazi yangu matishari na mashua za uvuvi, na nilijiona fundi hasa. Mara ya kwanza kupita daraja la Hampton Roads nikaziona zile manowari zimefungwa gatini, kijivu, kubwa kama mtaa, nilimwambia aliyekuwa akiendesha gari apunguze mwendo. Nilijua nataka nini.

Nikaenda kwenye maonyesho ya ajira na shati limepigwa pasi. Jamaa wa kampuni moja akaisoma karatasi yangu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Wewe ni raia?" Nikasema bado. Akanirudishia karatasi kwa vidole viwili. Hakunitukana, alisema tu kazi yao inataka raia. Lakini vile vidole viwili ninavyo moyoni mpaka leo.

Miaka ya katikati niiache. Ghala, zamu za usiku, chuo cha ufundi Jumamosi. Uraia nikaupata 2020.

Mtihani wa ufundi lakini lazima niusimulie, maana niliupasi kwa mkono wangu. Bomba linafungwa limeinama nyuzi 45, na haliruhusiwi kuzungushwa. Wewe ndiye unayelizunguka, mara umepiga goti, mara shingo umeipinda unachomelea kwa chini, jasho linaingia machoni na mkono usitetereke. Ukimaliza wanakata vipande kwenye kiungo chako na kuvikunja mpaka viwe kama herufi U. Mshono ukipasuka umeanguka. Yangu ilikunjika laini kama mkanda. Msimamizi alipitisha kidole juu ya mshono, akapitisha tena, akasema, "Unaanza lini?"

Kumbe kazi yenyewe haikuwa bomba. Kazi ilikuwa fomu.

Kibali huwezi kujiombea mwenyewe; kampuni iliyokupa kazi ndiyo inayokudhamini. Unajaza fomu iitwayo SF-86, kurasa zaidi ya 100. Ulikoishi miaka kumi. Safari zako. Madeni. Pasipoti ya nje. Nyumba au kiwanja ulicho nacho nje. Watu wa nje unaowasaidia kwa pesa, naam, mama yako unayemtumia kila mwezi anaulizwa humo. Na ndugu zako: yuko wapi, anafanya kazi gani, ana uhusiano na serikali au jeshi la nchi nyingine?

Kaka yangu wa baba mmoja ni mwanajeshi wa wanamaji wa Kenya, Mtongwe. Ndiye aliyenifundisha kuogelea. Usiku ule mezani jikoni niliangalia lile swali muda mrefu, nikaona jina lake litaniharibia. Nikaliruka. Nikaandika ndugu wote, yeye sikumwandika.

Mchunguzi aliyenihoji juu ya fomu alikuwa mama wa makamo, mpole, na daftari lake. Aliniuliza kuhusu ndugu, nikajibu. Akauliza tena kwa maneno mengine. Akanyamaza, kalamu mkononi. Nikamwambia. Aliandika bila kubadilisha uso. Miezi ikapita, kampuni ikasema haiwezi kuningoja zaidi, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Kwa hiyo sikiliza, na wote mnaosoma msikilize. Andika kila kitu. Kuwa na ndugu jeshini Kenya si kosa, wanaupima uhusiano huo na kuuliza maswali. Kuficha ndiko kunakoua, na kudanganya makusudi kwenye fomu ile ni jinai. Kiwanja cha Mtwapa kiandike. Pesa za M-Pesa ziandike. Deni ulilolikimbia liandike, kisha anza kulilipa. Kama bado unashika pasipoti ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inakuruhusu, iandike. Mtanzania ajue kwamba akichukua uraia wa Marekani anaupoteza wa Tanzania; aamue kwanza nyumbani na wazee, asiamue siku ya usaili. Tunapenda kusema mambo ya familia hayatoki nje. Hapa yanatoka, na unayatoa mwenyewe, mapema, kabla hujaulizwa mara ya pili.

Kampuni nyingine iliponidhamini mwaka jana nilihitaji majina kamili ya kaka, tarehe ya kuzaliwa na kazi yake. Nikampigia. Ilibidi nimweleze kwa nini nauliza, na kwamba mara ya kwanza nilimfuta. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Nikasikia kiti kinasogezwa, na upepo wa kule Likoni kwenye simu.

"Una kalamu?" akauliza. Akanitajia majina yake matatu, herufi moja moja.