Maswali ya Wasomaji: Shairi Lisilo na Jina la Mtunzi

SWALI: Nimepewa kitabu cha zamani cha mazoezi ya GRE (mtihani wa kuombea masomo ya uzamili Marekani), somo la Fasihi ya Kiingereza. Nataka kuomba nafasi ya uzamili Marekani. Je, nijiandae kwa mtihani huo?
Mhitimu, Dar es Salaam

JIBU: Mtihani huo wa somo ulifutwa mwaka 2021. Muda wako mwingi uelekeze kwenye insha ya uhakiki utakayoambatisha na maombi, maana idara za Kiingereza huitazama kwa makini sana. Hata hivyo, kitabu usikitupe. Mtihani ulikuwa na maswali kama 230 ya kuchagua kwa dakika 170, yaani sekunde 44 hivi kwa kila swali. Fanya jaribio moja kamili ukijipimia dakika hizo 170, kisha panga makosa yako kwa vipindi: kabla ya 1660, kati ya 1660 na 1925, na baada ya 1925. Anayesoma riwaya tu hukwama kwenye kipindi cha kwanza, kwa sababu hapo karibu kila kitu ni ushairi na tamthilia.

SWALI: Mwalimu hutupa shairi la Kiingereza bila jina wala mwaka, tueleze ni la kipindi gani. Nikihesabu mizani, mishororo haitoshani hata katika Shakespeare. Nakosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga

JIBU: Umelelewa katika ushairi wetu wa kimapokeo, ambamo silabi lazima zitoshane, 8 kwa 8. Sisi mkazo hatuuhesabu kwa kuwa Kiswahili karibu daima hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza mkazo huhamahama, na ndio unaopimwa. Mshororo wa kawaida wa Shakespeare una jozi tano za silabi, hafifu kisha nzito. Chukua “To be, or not to be, that is the question”: silabi ni 11, mikazo 5. Silabi hafifu ya mwisho inaruhusiwa kuzidi. Basi soma kwa sauti na gonga meza kwenye silabi nzito tu. Jihadhari na maneno kama “heaven”, ambalo mara nyingi huhesabiwa silabi moja, na kiambishi “-ed”, ambacho zamani kiliweza kutamkwa kama silabi kamili.

Ukishapata mikazo, tazama vina. Mikazo 5 bila vina: fikiria tamthilia za kina Marlowe na Shakespeare (mwaka 1600 hivi), au Milton (karne ya 17), lakini usikate shauri, maana Wordsworth naye (mwaka 1800 hivi) aliutumia mtindo huo. Jozi za mishororo zenye vina, wazo likifungwa mwisho wa kila jozi: huo ni wakati wa Dryden na Pope, baada ya 1660. Mikazo 4, pumziko katikati ya mshororo, na sauti za mwanzo wa maneno zikirudiwarudiwa bila vina: Kiingereza cha kale. Ubeti wa mishororo 9, wa mwisho ukiwa mrefu kuliko mingine, ni wa Spenser (karne ya 16), ila Byron na Keats waliufufua karne ya 19. Mishororo 14 ni soneti. Vina vya abba abba mwanzoni (herufi moja ni kina kimoja) ni mtindo wa Petrarch, mshairi wa Italia, na abab cdcd efef gg ni wa Shakespeare. Hata hivyo soneti ya 99 ya Shakespeare mwenyewe ina mishororo 15, na ya 126 ina 12.

Mitego mikubwa ni miwili. “Thou” (“wewe” ya zamani) haithibitishi ukale. Keats aliitumia mwaka 1819. Tena, kina cha Kiingereza ni cha sikio, na matamshi yamebadilika: “proved” na “loved” zinafunga soneti ya 116 ingawa leo hazioani. Usitaje kipindi kabla hujaandika ushahidi usiopungua miwili, mmoja wa umbo na mmoja wa lugha.

SWALI: Majina ya nadharia nayajua, ila nikipewa aya ya mhakiki asiyetajwa nachanganya. Juzi aya ya mshairi na mhakiki T. S. Eliot niliiita ya Barthes, mhakiki wa Ufaransa.
Mwanachuo, Nairobi

JIBU: Wote wawili wanamwondoa mwandishi, ndiyo maana watungaji wa mitihani hupenda kuwaweka pamoja. Uliza: akishaondolewa, maana inabaki kwa nani? Eliot (1919) anataka mshairi ajitoe kwa ajili ya mapokeo. Kazi mpya inajipanga miongoni mwa zile za kale na kuzibadilisha mpangilio. Barthes (1967) anaona matini kama mfumo wa nukuu nyingi zinazokutana kwa msomaji. Wimsatt na Beardsley, wahakiki wa Marekani (1946), wana hoja finyu zaidi: kusudio la mtunzi si kipimo cha kuamulia ubora wa shairi. Ukiona mapokeo, ni Eliot. Ukiona msomaji, Barthes. Ukiona hukumu na kipimo, ni Wimsatt na Beardsley.

Na kwa kuwa uko Nairobi, usiliache andiko la 1968 la Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba kuhusu kufuta Idara ya Kiingereza. Wengi hujibu kwamba walitaka fasihi ya Kiingereza ifukuzwe chuoni. Walichodai ni fasihi ya Afrika ikae katikati, simulizi ikiwemo, na nyingine zisomwe kwa uhusiano nayo.