Chumba cha baridi cha samaki: Katuba au Kampemba?

SWALI: Ninauza samaki wa barafu soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nina parseli Katuba, karibu na wateja wangu. Nyingine inauzwa Kampemba, upande wa viwanda. Nijenge wapi chumba cha baridi cha tani 20? Na mbona depo kubwa ziko mbali na soko?

JIBU: Mama, jenga Kampemba, ila parseli ya Katuba usiiuze.

Samaki wanaopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hutakiwa kufika wakiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kamyo (lori) inayowaleta ina urefu wa mita 16 hivi, na lazima ipate pa kugeukia ili mgongo wake ugusane na mlango wa chumba. Mvua za Januari zikishalainisha njia za udongo za Katuba, itaishia kwenye lami, na katoni zitamalizia safari juu ya pusupusu (mkokoteni), juani. Samaki akiyeyuka halafu ukamgandisha tena, nyama hulegea na kutoa maji. Wateja wako wanamjua kwa kumbonyeza tu kwa kidole.

Lakini kinachoamua zaidi ni umeme. Kompresa, pampu ya mashine ya baridi, ikiwashwa moja kwa moja bila kifaa cha kuianzisha polepole, kwa sekunde chache huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Ukiwa mwisho wa laini ya mtaa, mbali na transfoma, volti zinaanguka, mota inapata joto na mwishowe inaungua. Mwite fundi apime volti kati ya fezi na fezi (nyaya mbili zenye umeme) saa 1 jioni, wakati kila nyumba inapika. Akikuta chini ya 340 pale panapotakiwa 380, hiyo parseli iache, hata ikiwa ya bure. Jenereta utanunua popote utakapojenga, delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) haichagui mtaa.

Angalia na vumbi. Kiangazi, vumbi jekundu la barabara huziba mapezi ya kondensa, sehemu ya mashine inayotupa joto nje, nayo ikishindwa kutoa joto, mashine inakunywa umeme bila kugandisha. Bondeni penye maji pia pana hatari: sakafu isipowekewa kizuia-joto, udongo wa chini huganda, unavimba na kuipasua.

Depo kubwa zinafuata barabara, laini nene ya umeme na ardhi pana. Zinazogandisha kwa amonia, gesi ya sumu, ni heri zikae mbali na nyumba za watu. Zamani nyingi zilijengwa katikati ya miji, karibu na masoko na reli. Chicago, Marekani, ghala la baridi la Fulton Market, la miaka ya 1920, liligeuzwa maofisi, na Google walihamia humo.

Katuba weka friza mbili tatu, zenye mzigo wa siku moja. Alfajiri unajaza kutoka Kampemba, na chumba kikubwa kinafunguliwa mara moja tu, kabla jua halijapanda.