Kile kikanisa cha makuti Malindi

Umeuliza kama kikanisa cha Wareno hapa Malindi alikijenga Vasco da Gama. Ndugu yangu, huyo alifika 1498, akakaa siku chache, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Cha kwake ni ile nguzo ya msalaba kule rasini.

Kikanisani jina kubwa ni Fransisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki. Alitia nanga Malindi 1542 akielekea Goa, India, akamzika Mreno mmoja aliyefia chomboni. Kwenye barua yake anasimulia mzee wa Kiislamu aliyemlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ya mji, watu walisali katika mitatu tu! Ingia uone: kuta nene, paa la makuti, makaburi nje. Watu kumi mkiingia, pamejaa.