Kabla hujalipia kipimo kikubwa cha moyo, uliza hivi

Mgonjwa wa moyo hapa Dar anaweza kumaliza akiba ya familia kwenye vipimo kabla hajameza kidonge hata kimoja. Ndiyo maana nikimsindikiza shangazi yangu kliniki, akiandikiwa kipimo cha bei kubwa huwa nauliza: “Daktari, majibu yakitoka, matibabu yatabadilika vipi?”

Alipoanza kubanwa na kifua kila akipanda ngazi, alifanyiwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (ultrasound ya moyo), kisha daktari akaandika CT ya mishipa ya moyo, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Bei ilinishtua, nikauliza. Daktari akageuza kiti, akamtazama shangazi: “Mama, mishipa ikiwa safi, hatuna sababu ya kukuingiza cathlab, kule tunakopitisha mrija hadi kwenye mishipa ya moyo. Tukikuta mafuta yameganda kwenye kuta zake, unaanza dawa za kolesteroli leo hii. Ikiwa imeziba sana, ndipo tuzungumzie kuzibua.” Kila jibu lilikuwa na kazi yake. Nikaenda dirishani kulipa.

Baadaye hospitali nyingine ikamwandikia MRI ya moyo, picha inayopigwa kwa sumaku. Nilipouliza, nikajibiwa “tujiridhishe tu.” Daktari wake wa siku zote akaangalia eko, akasema moyo unasukuma damu vizuri, tuiache. MRI ni kipimo kizuri sana, huona makovu na uvimbe wa misuli ambao eko huweza kuukosa, ila lazima kuwe na kitu kinachotafutwa.

Uskoti waliwafuatilia wagonjwa 4,146 wenye maumivu ya kifua katika utafiti wa SCOT-HEART. Matokeo ya miaka 5, yaliyotolewa 2018, yalionyesha kuwa waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo au kupata shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 kwa walioongezewa CT, na 3.9 kwa wenzao. Faida hiyo inahusishwa zaidi na dawa za kinga walizoanzishiwa baada ya picha. Kwa hiyo ukifanya CT halafu dawa ukaziacha, hela yako imeliwa bure.

Kabla ya CT figo zipimwe kwanza, maana dawa ya rangi inayopigwa kwenye mshipa ili picha ionekane hutoka mwilini kupitia huko. Kahawa isubiri: mapigo yakienda mbio picha hutoka na ukungu. Shangazi alipewa kidonge cha kuyatuliza, akafundishwa kubana pumzi. Lakini maumivu makali ya kifua ya ghafla, yenye jasho, hayangoji foleni ya CT. Kimbilia dharura.

Ukitoka, dai CD ya picha pamoja na ripoti. Usipokuwa nazo, hospitali inayofuata inaweza kukuandikia kipimo kilekile upya.