Nyumba ya mama mkwe imejaa, nitapumua wapi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Desemba tunapanda Lushoto kwa mama mkwe, siku 10. Nawapenda, lakini watu hujaa hadi barazani, nami hurudi Dar nimechoka kuliko nilivyoondoka. Nikitoka peke yangu, si wataniona nina kiburi?
Mke wa Msambaa, Temeke

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nami niliolewa hukohuko, kwa hiyo nayajua hayo. Usitoroke. Aga: “Mama, nakwenda Irente kutazama bonde, nitarudi kabla ya chai.” Anayeaga haitwi mwenye kiburi.

Nenda alfajiri, na sweta. Pale Irente mlima unakatika ghafla na ukungu unakuwa chini ya miguu yako. Ukungu ukipasuka, unaiona nyika ya Mazinde na barabara kuu nyembamba kama uzi. Mimi hukaa juu ya jiwe, mikono kwapani kwa baridi, nisiseme neno hata nusu saa. Kifua chenyewe kinafunguka.

Siku nyingine ingia msitu wa Magamba pamoja na mwongozaji. Tembea taratibu uwaone mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani. Vaa viatu vinavyoshika, maana mvua ikinyesha njia huteleza sana.

Ukirudi, pitiliza jikoni, vuta kigoda, menya viazi na wenzako. Mwaka wangu wa tatu, mama mkwe alinikuta mlangoni alfajiri akaniambia nimsubiri avae viatu.