Maswali ya renji: kupiga shabaha ni kitu kimoja, kumfundisha mtu apige ni kingine

Haya, barua za renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, zimejaa tena. Nilisema safari hii nitajibu za wakufunzi wa silaha wa polisi, kumbe nilijichokoza mwenyewe, zimekuja nyingi na karibu nusu yake ni swali lile lile. Tuanze nalo tulimalize.

Afande, kitengoni kwetu hakuna anayenikaribia kwa bastola, kila mwaka natoka wa kwanza. Nimeomba kuwa mkufunzi naambiwa nisubiri kozi. Kozi ya nini tena jamani? Koplo, Nakuru.

Kozi ya kufundisha, ndugu yangu, manake hiyo ndo kazi unayoomba. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka na bado mnaleta. Kupiga vizuri ni tiketi ya mlangoni tu. Angalia FBI ya Marekani, mtihani wao wa bastola walioutoa 2013 ulikuwa wa risasi 60, ajenti wa kawaida alitakiwa apate asilimia 80, mkufunzi 90. Watu wanaiona ile 90 wanadhani siri iko hapo. Piga hesabu: ajenti aingize 48, mkufunzi 54. Tofauti ni risasi sita. Sasa risasi sita ndo zinamfanya mtu asimame nyuma ya kuruta anayetetemeka, aone kidole kinavuta triga kwa pembeni, ajue tatizo ni kidole au macho au woga au kijana hajalala tu, alafu amrekebishe bila kumtukania mama yake?

Mimi nilifundishwa na bingwa. Chuo sikitaji na yeye simtaji. Alikuwa anasema "tazameni mimi", paa, katikati kabisa, alafu anageuka, "mmeona?" Tuliona tundu, njia ya kufika pale hatukuiona hata siku moja. Nusu yetu tulifuzu kwa kubahatisha. Ukitaka kumpima mkufunzi achana na karatasi yake ya shabaha, muombe akuonyeshe ya mwanafunzi wake aliyekuwa wa mwisho, ya siku ya kwanza na ya siku ya mwisho. Asipokuwa nazo umeshapata jibu.

Mwanamke anaweza kuwa mkufunzi wa silaha? 

Anaweza. Swali linalofuata.

Na mtu wa miwani? 

Avae miwani yake.

Mwanangu yuko chuo cha polisi. Hivi sheria ya Kenya inasema nini kuhusu kiwango cha hao wanaowafundisha bunduki? Mama, Nyeri.

Mama, asante kwa swali la maana, wenye kazi yao hawaliulizi. Anza na Katiba yenyewe, Ibara ya 244, inataka polisi wafunzwe kwa viwango vya juu kabisa vya umahiri na uadilifu, na waheshimu haki za binadamu. Alafu kuna Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, ambayo inasema bunduki itumike kulinda uhai pale njia nyepesi zimeshindikana, afisa atoe ilani kwanza, na akifyatua aripoti kwa mkubwa wake hata kama hakuna aliyeumia. Mtu akifa au akiumia vibaya taarifa inaenda IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi.

Maneno mazuri. Shida yangu ni moja, hilo Jedwali linasomwa asubuhi darasani watu wanasinzia, alafu mchana linabaki darasani na makuruta wanapelekwa renji kupiga karatasi nyeusi ambayo haina mikono, haina simu, haijabeba mtoto. Kijana anajifunza kitu kimoja tu: filimbi ikilia piga. Mimi kwenye mistari yangu kati ya shabaha kumi nilikuwa naweka nne za watu wasiopaswa kupigwa, mmoja kashika simu, mmoja kabeba mtoto, mmoja kainua mikono. Anayepiga wa simu amefeli, hata kama risasi imeingia katikati ya kifua. Hasa ikiingia katikati ya kifua. Walinichukia sana wiki ya kwanza.

Mtaani kwetu kukiwa na fujo polisi wanapiga risasi juu kuonya watu. Juzi bati la jirani limetoboka. Ndivyo mnavyowafundisha?

Kuna wanaofundisha hivo, na hao ningewavua beji ya ukufunzi kesho asubuhi. Risasi iliyoelekezwa juu haiendi mbinguni kupumzika. Mji wetu umejaa maghorofa, ukielekeza mtutu juu unaelekeza kwenye roshani za watu. Machi 30, 2020, kafyu ikiwa na siku chache tu, Yassin Hussein Moyo, miaka 13, alikuwa amesimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu kwao Kiamaiko, Mathare, usiku, risasi ikamkuta pale juu. Afisa mmoja alishtakiwa kwa mauaji na hayo ni ya mahakama, mimi siingii huko. Na Dar es Salaam Februari 16, 2018, Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa chuo cha usafirishaji cha NIT, alipigwa risasi akiwa amekaa ndani ya daladala wakati polisi wanatawanya waandamanaji. Mmoja alikuwa kwao mwingine alikuwa safarini.

Mimi naongelea mafunzo. Kuna kesi moja ya Marekani kila mkufunzi inabidi aijue kama anavyojua namba yake ya simu, Popow dhidi ya mji wa Margate, New Jersey, 1979. Polisi alikuwa anamfukuza mtuhumiwa usiku katikati ya nyumba za watu, akafyatua, akamuua mkazi asiye na hatia aliyekuwa ametoka nje ya nyumba yake. Mji ukajitetea kwamba askari wetu wanapelekwa renji kila miezi sita. Mahakama ikauliza hiyo renji ina nini? Kupiga usiku? Hapana. Shabaha inayotembea? Hapana. Kupiga kwenye makazi ya watu? Hapana. Basi jaji akaona mafunzo ya namna hiyo yanaweza kuhesabika ni uzembe mkubwa na baraza la wazee wa mahakama likaachiwa liamue.

Hiyo ni 1979. Nenda leo renji yoyote unayoijua uulize hayo maswali matatu. Saa nne asubuhi, jua zuri, kiwanja kitupu, karatasi imesimama haitikisiki. Askari akimaliza hapo anapangiwa doria ya usiku mtaa wenye watu elfu kadhaa kwenye vichochoro. Mkufunzi ambaye hajawahi kuendesha somo la usiku mimi simhesabu kama amefuzu, hata awe na nishani kifuani kama duka la mapambo.

Habari mzee, mi ni Mkenya niko Texas, naibu wa sherifu. Mkubwa wangu anataka nisomee ukufunzi. Hapa mtihani wa mwaka ni asilimia 70 tu, sasa si kazi itakuwa rahisi?

Hongera kijana, na pole, manake umesoma kiwango cha chini ukadhani ndo lengo. Texas sharti la chini la bastola kwa mwaka ni risasi 50 na ufaulu wa asilimia 70. Maana yake mtu akiingiza 35 anarudi kazini akichekelea. Zile 15 ziliangukia wapi? Kwenye renji kuna tuta la mchanga, mjini hakuna tuta. Na hiyo ni siku hakuna anayekupiga wewe. Taasisi ya utafiti ya RAND iliwachunguza polisi wa New York ikatoa ripoti 2008, wakiwa kwenye majibizano ya risasi, zilizompata mlengwa zilikuwa asilimia 18 tu. Kumi na nane! Na Agosti 24, 2012, pale nje ya jengo la Empire State, New York, maafisa wawili walipiga risasi 16 wakamuua muuaji waliyekuwa wanakabiliana naye, na wapita njia tisa wakajeruhiwa na risasi na vipande vyake, zote za polisi. Zilizokosa ni mali ya mkufunzi, mimi ndo imani yangu hiyo na sitaiacha.

Sasa kitu ambacho hutaambiwa kwenye kozi kwa uzito wake: karatasi. Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Canton dhidi ya Harris, 1989, ilisema mji unaweza kulipa kama ulipuuza makusudi kufundisha askari wake. Kwa hiyo siku moja wakili atakuita, atataka andiko la somo ulilofundisha, tarehe, nani alikuwepo, nani alifeli na ulimfanya nini. Ukiwa umembeba rafiki yako kwa kumpa alama tatu za huruma kwa sababu anakaribia kustaafu, hizo alama tatu zitasomwa kwa sauti mbele ya watu. Nimewahi kuombwa kufanya hivyo, na mtu wa cheo kikubwa kuliko changu. Nilikataa na nikahamishwa, kahawa ya kule nilikohamishiwa ilikuwa nzuri bahati nzuri.

Shule ya jirani wameniomba nikawaonyeshe watoto bastola na usalama wake. Nitoe risasi alafu niende nayo? Mkufunzi mpya.

Usiende nayo kabisa. Chukua ya plastiki ya rangi, ya bluu au nyekundu, au nenda na picha. Na usiniambie utakuwa makini, wote walikuwa makini. Mwaka 2004 Florida ajenti wa kupambana na dawa za kulevya alisimama mbele ya watoto akijisifu kwamba humo ndani yeye ndo mtaalamu wa kutosha kushika bastola ile, hajakaa vizuri akajipiga mguuni, vidio ikazunguka dunia nzima. Mwaka 2007 Uingereza, polisi wa Thames Valley, mkufunzi wa silaha kabisa, alikuwa anafundisha wafanyakazi wa ofisini akachukua risasi kwenye kopo akidhani ni za maonyesho, akaziweka kwenye rivolva ya Magnum .44 akampiga mmoja wao tumboni. Yule mtu alichungulia kaburi akarudi. Jeshi lile likapigwa faini ya pauni 40,000 na mkufunzi 8,000. Na mbaya zaidi Punta Gorda, Florida, Agosti 2016, mama wa miaka 73, mkutubi mstaafu, alialikwa na polisi wenyewe kushiriki igizo la piga usipige, la kuamua kama ufyatue au uache, walidhani zile ni risasi baridi, zilikuwa za moto, akafa mbele ya watu waliokuja kujifunza.

Unaona zinavyofanana? Kila mara risasi za moto zilikuwa sehemu moja na somo. Kwenye darasa langu risasi ya moto ikiingia mlangoni, mimi natoka. Mnaniita mwoga, sawa.

Ni kweli kuna askari wa California walikufa na maganda ya risasi mfukoni kwa sababu renji waliwazoesha kuokota? Mkufunzi wetu anaisimulia kila kozi.

Anaisimulia kwa sababu na yeye alisimuliwa. Tukio ni la kweli, Newhall, Aprili 1970, polisi wa barabara kuu wanne waliuawa ndani ya dakika kama tano, na mafunzo yakabadilishwa baada ya hapo. Ila hayo ya maganda mfukoni waliochunguza baadaye walisema hayakuwa hivyo, maganda yalikuwa chini. Fundisho lenyewe liko sawa, unavyozoeshwa renji ndivyo utakavyofanya ukibanwa, lakini mkufunzi anayerudia hadithi bila kuikagua atarudia na mengine.

Nimeona tangazo la kozi ya ukufunzi siku mbili hotelini, cheti unapewa hapo hapo na picha. Inafaa?

Inafaa kwa picha.

Basi niongeze kidogo manake hii inanichoma. Kinachoniudhi zaidi ya zile siku mbili ni kwamba cheti hakina tarehe ya kuisha. Dereva wa lori anarenyu leseni, mkufunzi wa bunduki je, anakaa na karatasi ya miaka ishirini iliyopita, macho yameenda, mkono unatetemeka, silaha zimebadilika, sheria imebadilika, bado yuko mstarini anapiga kelele. Angalau kila baada ya miaka michache apige mbele ya mwenzake na afundishe somo zima huku mwenzake ameketi nyuma anaandika. Hiyo ya pili ndo wanaikimbia. Kupiga wanakubali haraka sana.

Nimefundisha renji ya ndani miaka sita, siku hizi naumwa kichwa na tumbo na nasahau sahau. Ni uzee?

Huenda, lakini nenda kapime damu leo, na mwambie daktari waziwazi kwamba unashinda renji. Lugha yetu ilishatuonya, risasi ya kupiga na risasi ile madini ni neno moja. Ule moshi na vumbi la renji iliyofungwa lina risasi, unavuta kila siku kuliko mwanafunzi yeyote manake yeye anaondoka wewe unabaki. Usile wala kunywa chai mstarini, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chochote, usifagie pakavu, na nguo za renji zifuliwe peke yake. Na viatu, tafadhali, viache kule kule. Ukiingia navyo ndani anayetambaa kwenye zulia ni mtoto wako.

Afande, bunduki ya AK na ya G3, ipi noma? 

Huyu ni mtu wa kumi na moja kuniuliza hili.