Kurudi Nyuma na Tela: Jibu kwa Aliyefeli Mtihani

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba amefeli mtihani wa vitendo wa lori lenye tela, na kwamba kilichomuuma zaidi ni kicheko cha wenzake. Nilimjibu siku ileile, kwa sababu kicheko hicho nakifahamu vizuri.

Kabla ya kuingia chuo cha udereva nilikuwa utingo kwa miaka sita katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, nikiweka kabari, nikikaza kamba za turubai na kulala chini ya tela, hivyo nilijihesabu kuwa dereva aliyekosa leseni ya daraja E, ile ya malori mazito, tu. Masomo ya darasani sitayasimulia, ukiyasoma utafaulu.

Uwanjani ndiko nilikoaibika. Ukirudi nyuma na tela, usukani ukienda kulia, mkia wa tela huenda kushoto. Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia miaka yote sita, ila mikono yangu haikuwa imeyasikia. Nilipoona kiooni kwamba tela linaelemea kigingi, nilizungusha usukani kwa pupa, kichwa cha lori kikakunjana na tela hadi mipira ya upepo wa breki ikakaza, na mkufunzi akagonga mlango akasema mbele ya darasa zima: “Shuka, utingo, ukaone ulichofanya.” Nimeshavuka mpaka wa Tunduma mara nyingi tangu hapo, lakini namna alivyolitamka neno “utingo” bado inanichoma.

Hata hivyo, katika kuniambia nishuke hakukosea. Shuka ukaangalie kabla ya kurudi nyuma, na ukipata shaka katikati, simama, shuka tena. Usukani ushike sehemu ya chini, kwa kuwa hapo mkono unakoelekea ndiko mkia wa tela utakakoelekea, nawe uusogeze kidogokidogo. Tela likianza kukunja kupita kiasi, songa mbele ulinyooshe, kisha uanze upya. Na ushuke uangalie.

Vijana wengi wanataka leseni kwa njia ya mkato, wakidhani mlima Kitonga utawauliza karatasi. Ukitoka Iringa na mzigo, ukauanza mteremko ule kwa gia kubwa huku mguu ukikaa kwenye breki muda wote, breki hupata moto na kupoteza nguvu kabla hujafika chini. Gia ndogo huchaguliwa juu, mapema, ili injini ilizuie gari. Jambo hilo hufundishwa chuoni kwa dakika chache, na anayesinzia dakika hizo anawadhulumu watu asiowajua.

Mwanzoni mwa mwezi huu, katika ghala moja Mbeya, nilishuka mara tatu kabla ya kulifikisha tela mlangoni, mpaka utingo wangu akaniuliza kama naumwa. Nilimkabidhi kabari nikapanda.